Sauti ya Mkaribishaji wa Takrima

Ipo nchi iitwayo Takrima, na msiniulize iko upande gani, maana kila ninayemhadithia hugeuka akatazama kwao. Ni nchi ya waungwana kupita kiasi, ambao kumnyima mgeni nafasi ya kusema waliona ni aibu kubwa kuliko kumnyima maji. Katikati ya mji wake mkuu limesimama Jumba la Kauli, lenye jukwaa la dola na kuta za mawe meupe yenye vitundu kama mkate wa mofa. Neno lililonenwa jukwaani mchana, kuta zililinywa. Ikiingia magharibi zililitoa, likapita mtaa kwa mtaa, chumba kwa chumba, hata kwa aliyeziba masikio. Wala halikutoka kwa sauti ya aliyelinena. Lilitoka kwa sauti ya yule aliyemkaribisha, na wenyeji walikwisha kulizoea jambo hilo, hawakuliona ajabu.

Mkaribishaji wa Dola alikuwa Bi Marahaba. Mgeni akipiga hodi mlangoni, yeye ndiye aliyejibu kwa niaba ya serikali, "Karibu, hapa ni kwako." Miaka nenda miaka rudi, kila magharibi, sauti yake laini ikawaeleza watu habari za mbegu, za maradhi, za mipaka ya mashamba, nao wakaiamini kama wanavyoamini mikono yao wenyewe. Mama yake, Bi Sakina, alikuwa kipofu, akiishi Mtaa wa Utuvu pamoja na Wanyamavu wenzake, watu wanaomwabudu Mola kwa kimya, bila wimbo wala kengele. Kila magharibi mwanamke huyo alikaa kibarazani na kikombe chake cha kahawa amsikilize binti yake, hata kama habari yenyewe ni ya samadi.

Basi akaja mhubiri mmoja, Maalimu Kaulimoto, na nyuma yake umati. Liwali wa Takrima, Bwana Mridhishaji, ambaye hakupata kuona umati asiutamani, akaagiza apewe jukwaa.

"Mheshimiwa Liwali," Marahaba akasema, "mtu huyu kila alikopita amewaita Wanyamavu najisi. Mama yangu ni Mnyamavu."

"Nalijua hilo, Bi Marahaba, na salamu zangu zimfikie. Lakini sisi ni serikali ya wote. Hatumsemei mtu, tunampa jukwaa tu."

"Na magharibi? Yatatoka kwa sauti yangu."

"Sauti yako ni ya kazi, bibi, kama joho la baraza. Ukitoka unalivua. Na maneno ni ya nani, kila mtu anajua."

Marahaba akapiga moyo konde. Akajiambia, nitawahi kwa mama kabla ya magharibi, nitamweleza. Hodi ikapigwa, na ulimi wake uliozoea ukatamka, "Karibu, hapa ni kwako."

Kaulimoto hakupaza sauti. Alisema polepole, kwa adabu, kwamba kimya cha Wanyamavu ni mazungumzo na iblisi. Maji ya kisima chao yasinywewe, maiti wao wasizikwe na watu. Liwali akapiga makofi kwa ncha za vidole, asije akasemwa kwamba alipiga wala kwamba hakupiga. Kisha ikaandaliwa karamu, na kwa ada ya Takrima mwenyeji haondoki mezani kabla ya mgeni. Na mgeni yule, loo, alitafuna kila tonge kana kwamba analihesabia meno. Marahaba akaliangalia jua likishuka dirishani, roho mkononi, asithubutu kuinuka.

Kuta zikavuta pumzi.

"Msinywe maji yao," ikasema sauti yake mwenyewe, kwa upole ule ule uliokuwa ukiwabembeleza watoto. "Msiwazike."

Hakukuwa na fujo, na hilo ndilo lililotisha. Watu walitoka majumbani kimya, nyuso zimetulia, wakaenda kukifukia kisima cha Utuvu kama waendao kupalilia. Marahaba akakimbia kati yao akilia, "Si mimi, jamani, si mimi ninayesema." Lakini sauti zile mbili zilikuwa moja, nao walisikia mwanamke mmoja tu. Alipofika kibarazani kwa mama yake, kikombe kilikuwa kimejaa, na mwenyewe hayupo.

Magharibi ya pili kuta zikarudia yale yale, na ya tatu pia, jambo ambalo halikupata kutokea. Mgeni alikuwa ameambiwa hapa ni kwake, basi akabaki humo ukutani, ingawa mwili wake ulikwisha kwenda kualikwa kwingine.

Kadhi Insafu akaketi kuhukumu ni nani aliyesababisha Wanyamavu kufukuzwa.

"Sikunena neno, Kadhi," akasema Liwali.

"Nani alimwambia hapa ni kwake?"

"Bi Marahaba."

"Kwa amri ya nani?"

"Ya serikali."

"Na serikali ndiyo nani?"

Liwali akageuka akatazama nyuma yake. Hapakuwa na mtu. Ikahukumiwa kwamba tangu siku hiyo liwali amkaribishe mgeni kwa kinywa chake mwenyewe, na tangu siku hiyo hakuna liwali aliyemwalika mtu. Takrima nzima ikaisifu hukumu ile.

"Na sauti yangu?" akauliza Marahaba. "Nani atakwenda kuichukua kule ukutani?"

Kadhi akaita kesi nyingine.

Marahaba akafunga safari hadi Bonde la Hifadhi, walikokimbilia Wanyamavu. Alimkuta mama yake mlangoni pa kibanda, akipepeta mtama kwa kupapasa. Upepo ulikuwa ukitoka upande wa mji, na jua lilikuwa linazama.

"Nani hapo?" akauliza Bi Sakina.

Marahaba akafumbua kinywa. Kwa mbali sana, ikiletwa na upepo, ikasikika sauti laini ikisema msinywe maji yao. Yule mama akauweka ungo chini, akaziba masikio. Marahaba akafumba kinywa chake.

"Huna sauti?" Bi Sakina akasema, akishusha mikono. "Basi karibu, hapa ni kwako. Sisi tunawaogopa wenye sauti."

Akamsogezea mkeka, akampa maji ya kunywa. "Nilikuwa na binti," akasema. "Alikuwa na sauti nzuri, huyo."

Marahaba akanywa, akarudisha kikombe, akavuta ungo wa pili, akaanza kupepeta.