Kutengeneza Kitu Kizima

Mimi ni kinyozi. Mteja akiingia na msitu kichwani akatoka anang'aa, mtaa mzima umeiona kazi yangu. Kazi ya mke wangu sijawahi kuiona kwa macho, na kwa miaka minane nimeitetea mbele ya mashemeji huku mwenyewe niko gizani.

Ninachojua ni hiki. Aliandika kiprogramu kinachosoma matokeo ya mashine kuukuu za maabara, na mafundi wa kompyuta wa nchi nyingi hukichukua bure wakakitia ndani ya programu zao. Kila wiki kuna kitu kinabadilika huko duniani, naye hukirekebisha mapema kisije kikagoma. Sasa kiwanda cha rangi kilikuwa kimempa kazi ya mshahara, na jibu lilitakiwa Ijumaa. Akiikubali, hatapata muda wa kukitunza tena. Basi Jumatano tulikwenda kwenye ofisi ya mfuko unaosaidia watu wa teknolojia. Nilimsindikiza kwa sababu mke wangu mbele ya watu wa ofisini huongea kama anaomba radhi.

Kulikuwa na madawati mawili. Kwenye la kwanza alikaa mama wa makamo, miwani inaning'inia shingoni.

"Unafanya nini, mwanangu?"

"Natengeneza programu."

"Vizuri! Mpya?"

"Hapana, ya zamani. Naitengeneza."

"Aa, kumbe imeharibika. Matengenezo ni kwa yule kaka pale."

Tukasogea hatua tatu. Kaka akatoa fomu nyingine, akafungua kalamu.

"Imeharibika wapi?"

"Haijaharibika."

"Sasa unatengeneza nini?"

"Natengeneza isiharibike."

Kaka akamgeukia mwenzake. "Mama, huyu ni wako."

"Wangu wapi? Nimemuuliza kama ni mpya, kakataa!"

Nikaona niingilie. "Jamani, andikeni 'kutengeneza' tu. Si neno ni moja?"

"Neno ni moja, baba," mama akanijibu kwa upole, "lakini fomu ni mbili."

Tulirudishwa huku na huko mpaka kichwa kikaanza kuniuma. Hasira zilinipanda, ila sikujua nimkasirikie nani, maana wote wawili walikuwa na adabu na kila mmoja alikuwa na haki upande wake. Mwishowe yule kaka akamwinamia mke wangu, akashusha sauti.

"Shemeji, nikwambie kitu? Ikiharibika kidogo tu, siku mbili hivi, nakupitisha bila maneno."

Tukiwa njiani kurudi nilimwambia mke wangu ukweli, kwamba wazo lile nimelipenda.

"Si unajua pa kugusa?"

"Mstari mmoja tu."

"Basi?"

"Basi mtu apewe majibu ya damu ya mwenzake siku mbili nzima, ili mimi nijaze fomu?"

Niliona aibu, lakini aibu yenyewe ilichanganyika na ubishi, kwa sababu bado sikuelewa kwa nini anayeharibu asaidiwe na anayezuia arudishwe nyumbani. Mpaka leo sijaelewa.

Ijumaa asubuhi akaikubali kazi ya kiwandani. Kisha akawaandikia wote wanaoitumia programu yake kwamba kuanzia mwezi ujao hatakuwapo, na anayeweza kuipokea ajitokeze. Ilikuwa mistari minne. Aliifuta, akaiandika tena, akaituma huku amefumba macho. Mimi nilifunga saluni nikakaa naye kusubiri. Niliamini kabisa kwamba watamlilia, watambembeleza, pengine hata watajichanga abaki.

Jibu la kwanza liliingia kabla ya saa sita. Alilisoma kimya, halafu akanigeuzia kompyuta, ingawa anajua lugha yao siijui.

"Wanasemaje?"

"Ni mmoja tu. Ana maabara kumi na moja."

"Ndiyo, anasemaje?"

Mke wangu akairudisha kompyuta, akasoma tena polepole kuhakikisha.

"Anasema, 'Kumbe kulikuwa na mtu?'"