Pingamizi la Dagogo

Jumatano hiyo upepo wa bandari ya Lagos ulikuwa haba mpaka moshi wa nyama choma ya suya ukapanda wima juu ya paa la klabu. Mashua saba zilikwama karibu na boya la kwanza, matanga yamelala, wenyewe wakirushiana vijembe wasije wakasinzia. Ibinabo, aliyepiga honi ya kuanzia, alikuwa gatini na darubini. Hakuwa akiwatazama wao. Alikuwa akimsubiri mumewe, Dagogo, aliyezama na kufa hapo mwaka jana katika mashindano kama haya.

Dagogo akatokea nyuma ya magugu maji, kama kila Jumatano tangu mvua ziishe. Mashua yake ilikuwa bandani, imefungiwa kwa kufuli, lakini alikuwa nayo. Tanga lilijaa upepo hadi kamba zikalia. Kila alipopita, upepo kidogo waliokuwa nao wenzake uliwatoka. Juma lililopita alimpita kando Folarin, mmoja wa washindani, kwa umbali wa kasia. Leo alimpita kwa upana wa kiganja.

"Aa, huyu naye!" Folarin akafoka. "Tuachie hata wa kupoza chai, bwana!"

Wote wakacheka. Dagogo alikata mstari wa mwisho, akapandisha kitambaa chekundu kwa mara ya kwanza. Hiyo ni ishara ya pingamizi dhidi ya mshindani, na klabu ile haina mchezo na kanuni. Mtu anaweza kukosa haya na akaendelea kuwa mwanachama, lakini pingamizi likiwekwa, husikilizwa kabla watu hawajala.

Ndani ya klabu, mwenyekiti, Daktari Ekpenyong, akasogeza pembeni bakuli lake la supu ya pilipili. Akaagiza taulo litandikwe kwenye kiti cha Dagogo, maana maji yalikuwa yakimtiririka na hayakwisha.

Ibinabo alisimama mlangoni. Tangu msiba, klabu ilishikilia kwamba Dagogo alizama kimya, amelewa, na hakuna aliyesikia neno. Wakwe wa Ibinabo waliyaamini hayo, wakamlaumu kwa kumwacha mume atoke hivyo. Alichotaka ni kimoja tu: klabu iseme mbele ya watu kwamba Dagogo alisikika.

"Unampinga nani?" Ekpenyong akauliza.

"Folarin. Mwaka jana, boya la tatu. Nilipinduka, nikaita. Alipita karibu, ningeweza kushika kamba yake."

"Bwana Folarin, ni kweli?"

Folarin akafuta midomo. "Kweli. Nilimsikia."

Ibinabo akamgeukia. "Ulimsikia, shemeji? Na matangani ukaja kula wali wangu?"

"Shemeji, upepo ulikuwa kama huu wa leo. Ukisimama, huondoki tena. Nikajua wa nyuma atamchukua."

Waliokuwa nyuma siku ile wakaitikia kwa vichwa. Nao walidhani hivyo hivyo.

"Sasa, Dagogo," Ekpenyong akasema, "ulipoita, ulisemaje?"

"Nilisema, nisaidieni. Nikamwita kwa jina."

"Hukusema 'napinga'?"

"Sikusema."

"Na kitambaa?"

"Mikono ilikuwa imeshika mashua."

"Jamani!" Ibinabo akapaza sauti. "Kanuni ya kwanza kabisa si kumsaidia anayezama?"

"Ndiyo hiyo, mama, na imevunjwa," Ekpenyong akajibu kwa upole. "Lakini ikivunjwa, lazima mtu apinge palepale. Pingamizi limechelewa. Tunalitupa."

"Basi waambieni wakwe zangu alisikika. Hilo tu."

"Pingamizi likitupwa, mama, yaliyosemwa ndani yake ni kama hayakusemwa." Ekpenyong alikuwa na huzuni ya kweli, na supu yake ilikuwa inapoa. "Klabu inabaki na maelezo yake ya mwanzo."

Dagogo akakubali kwa kichwa. Aliwahi kukaa kwenye kamati hiyo, na yeye mwenyewe alitupa mapingamizi mengi kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Akanyanyuka, taulo limemgandia. Nje, gati lilikuwa kimya, na mashua zote zilikuwa zimegeuza pua kumtazama. Alipompita mkewe alimgusa bega, na gauni likalowa hadi kiunoni. Kisha akamgeukia Folarin.

"Siku ile ulishika nafasi ya ngapi?"

"Ya pili," Folarin akasema, na ilionekana bado inamuuma.