Mstari wa Uchafu Koridoni

Mdogo wangu ni msanifu majengo, nasi tunamwita Rula kwa sababu hata sukari ya chai huipima. Alipoleta ramani ya nyumba mpya ya mama yetu, machale yakanicheza papo hapo.

Milango ilikuwa mipana kupita kiasi. Korido ilinyooka toka chumbani mwa Mama hadi jikoni bila kona hata moja, na ukutani, usawa wa kiuno, ulipita ukingo wa mbao mwanzo hadi mwisho. Hiyo si nyumba ya mjane mmoja, niliwaza. Hiyo ni zahanati, au nyumba ya wageni. Huyu anasubiri Mama afumbe macho, apangishe.

Mama aliipokea ramani akaikunjua. "Nzuri sana, mwanangu."

Alikuwa ameishika juu chini. Nikaguna. Kitinda mimba wake angeleta karatasi tupu, angeisifu vilevile.

"Huu ukingo wa nini?" nikamuuliza Rula.

"Umbo linatokana na matumizi, dada."

"Usinipige chenga na maneno ya chuoni. Matumizi ya nani?"

"Ya mwenye nyumba."

"Mimi ndiye ninayeishi naye, mwaka wa sita huu! Wewe na futi kamba yako mnakuja mara moja kwa mwezi. Mnajua nini?"

Akasita, akimtazama Mama aliyekuwa akienda chumbani. Kule kusita kukanipandisha hasira. Mama alishasema hatatia sahihi mpaka nikubali, na mimi nilishaapa sikubali.

Mlango ulipofungwa, Rula akanivuta koridoni.

"Sichori nyumba mpya kabla sijasoma kuta za zamani," akanong'ona. "Mwezi wa tatu nilikuta mstari wa uchafu hapa, toka chumbani mwake hadi jikoni, usawa wa mkono wake. Nikaupima. Niliporudi haukuwepo."

"Niliusugua. Kila Jumamosi nausugua. Ulitaka mama yangu akae pachafu?"

"Ameniapisha nisikwambie, dada."

Kabla sijamuuliza kuhusu nini, mlango ukafunguliwa. Ilikuwa saa saba mchana na dirisha la korido lilikuwa wazi. Mama akatoka, kiganja chake kikiteleza taratibu juu ya rangi niliyoisugua jana. Nilikuwa nimesimama hatua mbili mbele yake.

"Nani hapo?" akauliza.

"Ni mimi, Mama," nikasema, nikaona aibu kumtazama, kana kwamba angeniona.