Alama za Tshiala

Alama nyeusi zilipotokea mikononi mwa Tshiala, majirani wa kambi ya Base walitaja ugonjwa wake mara moja: mume. Bokungu, askari anayeogopa hata kuchinja kuku, akatupwa kasho, chumba cha mahabusu.

Siku ya nne alama mpya zikatokea mapajani, na fizi zikavuja damu.

"Sasa bwana yangu ananipiga toka mu kasho?" Tshiala aliuliza.

"Askari iko na mukono murefu," jirani yake Kyabu akajibu bila haya.

Tshiala, akihema kila hatua, akaenda mwenyewe kupimwa. Daktari akasema ni kansa ya damu: chembe za kugandisha damu zimekwisha.

Bokungu akafunguliwa ampeleke Lubumbashi kutibiwa. Majirani walimpa Tshiala pole. Mumewe hakuna aliyemwomba radhi.