Je, Ungependa Kughairi?

Figo za seremala zilikuwa zimekufa. Kilichomweka hai ni mashine ya hospitali ya kusafisha damu, kila Jumanne na Ijumaa. Ijumaa moja homa ilimlaza, hakwenda. Kesho yake asubuhi, simu ya mkewe ikalia.

Mkewe alikuwa msusi. Alifuta mafuta mikononi, akausoma ujumbe kwa sauti: "Huduma yako itasitishwa kwa kutohudhuria. Je, ungependa kughairi? NDIYO. HAPANA."

"Kughairi nini?" akauliza mama mkwe, aliyekuwa akimkanda mwanawe miguu.

"Matibabu, nadhani."

"Tughairi tuna wazimu? Bonyeza hapana, mwanangu."

Msusi alisita. "Mama, tuwapigie kwanza tuwaulize."

"Unangoja nini? Nafasi apewe mwingine? Unataka mumeo afe?"

Akabonyeza HAPANA. Jibu likaja papo hapo: "Asante. Chaguo lako limepokelewa." Mama mkwe akashusha pumzi, akamwita mkwe wa dhahabu.

Jumanne walimshusha seremala kwenye gari la kukodi wakimshika huku na huku. Karani wa mapokezi alitazama kompyuta yake.

"Huyu hayumo. Mlikataa kughairi."

"Ndiyo, tulikataa! Tunataka atibiwe."

"Kughairi kusitishwa," karani akatamka polepole, kama anayemfundisha mtoto kuhesabu. "Mngebonyeza ndiyo, angeendelea. Kiswahili chepesi hivi kinawashinda?"

Mtu mmoja kwenye foleni akacheka. Msusi akapiga magoti pale pale sakafuni.

"Dada yangu, mtazame tu alivyovimba."

"Mfumo hauoni uvimbe, mama. Unaona jibu. Zamu yake imeshachukuliwa. Ikipatikana nyingine, mtaitwa." Akainua shingo. "Anayefuata!"

Hawakuitwa. Msusi alirudi pale kila kulipokucha, akaambiwa asubiri. Nyumbani seremala alishindwa kulala chali. Alikaa ameegemea kifua cha mkewe, akivuta pumzi kama msumeno butu kwenye mbao mbichi.

"Mbona hatwendi?" aliuliza.

Wanawake wawili wakatazamana.

"Mashine imeharibika," akasema mamake. "Wanatengeneza."

"Mafundi wazembe hao," akasema, akajaribu kucheka. Alikata roho akiwa ameegemea hapo hapo, bado akiamini kwamba wanatengeneza.

Msibani nyumba ilijaa. Shangazi wa marehemu akauliza kilichotokea, na mama mkwe akanyoosha kidole.

"Muulizeni huyo. Hospitali waliuliza, yeye akajibu hapana. Kidole chake mwenyewe."

Minong'ono ikazuka. Wifi mtu akasogeza mkeka wake mbali. "Kumbe ulichoka kuuguza," akasema. "Ungetuambia tuje tumchukue ndugu yetu."

Msusi alimtazama mama mkwe, akimngojea amalizie hadithi. Mama mkwe alikuwa akijifuta machozi kwa ncha ya khanga.

"Mama, si wewe uliyeniambia nibonyeze?"

"Mimi?" Mama mkwe akashusha khanga. Macho yalikuwa mekundu, lakini sauti haikutetemeka. "Simu ilikuwa mkononi mwa nani? Aliyesoma ni nani? Nilikuambia ubonyeze kitu usichokielewa?"

Chumba kizima kikamgeukia. Msusi akakitazama kidole chake. Swali hilo hilo alikuwa akijiuliza tangu siku ile hospitalini: kwa nini alibonyeza asichokielewa.