Foleni ya King'ora

Jumba la makumbusho lilipotaka kuonyesha mgomo wetu wa kiwanda cha nguo, ukuta nilipewa mimi. Niliandika yote: nani alifukuzwa, nani alipigwa virungu getini, meneja gani alituambia tukale pamba. Sikumsahau hata mmoja. Kona iliyobaki akapewa shemeji, mdogo wa mke wangu. Akaweka king'ora cha kiwanda chenye mkono wa kuzungusha. Basi, hicho tu!

Siku ya mgomo shemeji huyuhuyu alishikwa na tumbo, akabaki nyumbani.

Leo foleni yake imefika mlangoni, watu wameegemea ukuta wangu kama wa kituo cha basi. King'ora kinalia, wanaziba masikio, wanacheka hadi machozi. Bibi mmoja, msokota nyuzi wa enzi zetu, alikizungusha akapiga vigelegele. Akamkumbatia nani? Shemeji!

"Umewapata," nilimwambia.

"Na ukuta wako mzuri, shem. Mrefu tu, kama hotuba zako."

Mke wangu akacheka. Wangu mimi!

Shemeji alipokwenda kunywa maji, nikauchomoa ule mkono nikausokomeza ndani ya koti.

"Kimeharibika! Karibuni huku, someni."

Watu wakaguna, wakaanza kutoka. Mzee mmoja alikuwa amefika penye virungu, kidole kwenye mstari. Akauacha katikati, akamfuata mkewe nje. Ukumbini tukabaki mimi, mke wangu na maandishi yangu.

"Hilo koti lina mimba?" mke wangu akauliza.

Shemeji alikuwa amesharudi. Nikautoa ule mkono wa king'ora mbele yao.

"Ungesema tu, shem. Ningekuachia uzungushe wa kwanza."

"Sitaki kuzungusha. Nataka wasome!"

"Sasa tufanyeje?"

"Foleni ianzie kwenye jina la kwanza, ipite ukuta mzima. Na mtu asiniegemee!"

Akainua mabega, akaurudisha mkono mahali pake, akasogeza kamba ya foleni. King'ora kikalia, watu wakarudi mbio. Nikawapanga mwenyewe, nyuso ukutani. Walisoma taratibu, kicheko kikizimika, wengine wakitaja majina kwa sauti ya chini. Mama mmoja alifika mwisho akilia kabisa. Akafuta macho, akanyoosha mkono.

"Asante sana, baba," akamwambia shemeji. "Umeyaandika vizuri."

Na yule bwana akaitikia.