Mluzi wa Ghorofa ya Tatu

Gunia alikuwa amesimama ghorofa ya tatu ya nyumba isiyo na kuta, akiutazama mtaa kama mwenye nyumba aliyetoka kupunga upepo. Chini, vibarua waliokuwa naye huko juu muda mfupi uliopita walikuwa wamejikusanya nyuma ya rundo la mchanga, kila mmoja akimweleza mwenzake kwamba yeye hakukimbia, alikuwa anawahi koleo lake. Mbwa wa kimo kile akitokea mgongoni mwako umeinamia zege, huulizi amefuata nini.

Mwenye mbwa alitoka nyumba ya pili, utepe wa kupimia ukiwa bado shingoni. Mtaa mzima ulimwita Mama Pazia kwa kuwa hakushona kitu kingine, na aliyempelekea gauni alirudishwa nalo mlangoni. Aliponyanyua uso akakiona kile kichwa cheusi kule juu, alishika uzio kwa mikono miwili.

Haikuwa taabu kujua mbwa alivyofika. Mteja wake mmoja alikuwa ametoka bila kurudishia lango, na ngazi ya vibarua ilianzia hatua chache tu kutoka hapo: mbao ndefu zilizolazwa mshazari kutoka ghorofa hadi ghorofa, zikapigiliwa vipande vya kukanyagia ili mwenye ndoo ya zege begani asiteleze. Gunia alizipanda zote. Kuzishuka ndiko kulikomshinda. Aliweka mguu mmoja, akaona ardhi ilivyo mbali, akarudi nyuma akitetemeka. Kisha akafanya jambo baya zaidi. Aliiacha sakafu imara akaenda kulala kwenye jukwaa lililotokeza nje ya jengo, mbao mbili tu juu ya hewa tupu, mahali asimamapo mtu mmoja kupokea ndoo zinazovutwa kwa kapi. Mbao zilibonyea katikati.

"Kupanda mchongoma," alisema kibarua mmoja waliyemwita Twiga kwa urefu wake, "kushuka ndio ngoma."

Wenzake walimtazama, akarudi kutafuta koleo lake.

Fundi mkuu, mtu mfupi ambaye mvi na saruji zilikuwa zimegawana ndevu zake, akamjia Mama Pazia. Katika watu wote wa mtaa ule, huyu ndiye ambaye mama yule hakutaka kumwomba hata maji ya kunawa. Jengo lilipoanza kupanda lilikuwa limeukata mwanga wa dirisha lake. Halafu siku moja upepo uliichukua saruji ukaimwaga juu ya pazia zito, la rangi ya maziwa, alilokuwa ameanika uani. Mwenye pazia alilikataa. Mama Pazia akavuka uzio, akampa Fundi za uso mbele ya vijana wake, akarudi kwake na kulifunga dirisha, na tangu hapo alishona kwa taa mchana kweupe. Fundi aliomba radhi siku ile, na kila asubuhi baada ya hapo alimwamkia. Hakujibiwa hata mara moja. Pazia lenyewe lilikunjwa likawekwa juu ya kabati, mahali pa kuonekana, kama ushahidi wa kesi ambayo hakuna hakimu aliyeiita.

Na Gunia, kwa maelezo ya Mama Pazia mwenyewe, hakuwa hata mbwa wake. Alikuwa wa marehemu. Mumewe ndiye aliyemleta akiwa kitoto cha kujaa kiganjani, akampa jina hilo kwa sababu alilala palepale alipotuliwa. Mume alipofariki, mkewe aliendelea kumlisha mbwa ila hakuzungumza naye. Aliwaambia watu kwamba anakula kama wageni wa harusi na kwamba manyoya yake yanaingia kwenye vitambaa. Siku za karibuni mbwa alikuwa amezidisha: vibarua wakianza kazi tu, anakwenda langoni kulia. "Hata yeye kelele zimemchosha," Mama Pazia alizoea kusema, akifurahi kupata wa kumuunga mkono. Shemeji yake angekuja Jumamosi kumchukua Gunia ampeleke shambani, na Mama Pazia alikuwa ameshamtangazia kila mtu kwamba siku hiyo atapumua.

Sasa alisimama chini ya jengo, na pumzi ndiyo iliyokataa kuja.

"Mama," alisema Fundi, "vijana wamejaribu kumsogelea. Ananguruma. Wakizidi kumsogelea atarudi nyuma, na nyuma hakuna kitu."

Mama Pazia alikuwa mtu wa kutoa. Msibani, kila chombo kilichoingia kwake na chakula kilirudi kwa mwenyewe kimesuguliwa, na ndani kimetiwa kitu. Kupokea kulimwasha. Alitazama ndevu za mtu yule, kisha akatazama mbao zilizobonyea.

"Nisaidie, Fundi."

Alidhani atasimangwa, walau kidogo, walau kwa macho. Fundi aliitikia kwa kichwa tu kama aliyeombwa kusogeza kiti. Alimweleza kwamba mbwa atashushwa kwa kapi, kwani kila siku inapandisha mifuko ya saruji yenye uzito kama wake, ila lazima mwenyewe apande akamtulize, na lazima kipatikane kitambaa cha kumfunga kisichochanika. Twiga alinong'ona kwamba mfuko wa saruji, hata hivyo, haujawahi kuuma mtu.

Mama Pazia aliingia ndani, na mikono yake ikaenda juu ya kabati kabla hajaituma. Alilikunja lile pazia mara mbili, akalipitisha cherehanini kwenda na kurudi, akaacha upindo mpana wa kupitishia kamba pande zote. Mashine ile haikuwahi kukimbizwa namna hiyo, wala mwenye nayo hakuwahi kushona mshono uliopinda vile na asiufumue. Fundi alipolipokea aliliona doa la kijivu lililokataa kutoka. Alipitisha kidole juu yake, akaliweka pazia begani, akageuka kuelekea ngazini.

Vibarua walimfunga Mama Pazia kamba kiunoni. Fundi akatangulia.

"Usitazame chini, mama. Tazama visigino vyangu."

Alivitazama. Vilikuwa vimepasuka kama udongo wa kiangazi, na kila ufa ulikuwa na saruji yake. Mumewe alikuwa na visigino vya aina hiyo hiyo, ingawa maisha yao yote ya ndoa alikuwa dereva wa lori. Mkewe alipomtania kwamba vinachana mashuka, alijibu kwamba ujanani alibeba zege kwenye majengo, na zege likishamjua mtu halimsahau. Mama Pazia hakuwahi kumuuliza zaidi. Alipanda akiwa na visigino vile mbele ya macho, ubao kwa ubao, huku mtaa ukipungua chini yake, hadi Fundi alipomwambia wamefika.

Gunia hakumgeukia. Alikuwa amelaza kidevu kwenye ukingo wa jukwaa, akitazama chini. Mama Pazia alipiga magoti mwisho wa sakafu akamwita. Akamwita tena kwa kubembeleza, na sauti ikatoka na kutu, maana hakuwahi kumbembeleza. Sikio la mbwa lilicheza, lakini macho yalibaki chini, mguuni pa kapi, ambako Twiga alikuwa akitia kamba za ziada kwenye ndoo ili zivutwe juu. Twiga alimaliza kufunga, na kwa mazoea tu, bila kufikiri, akatia vidole viwili mdomoni akapiga mluzi. Mmoja mrefu, miwili mifupi.

Mkia wa Gunia ukazipiga mbao, jukwaa lote likatikisika. Akainuka nusu, masikio wima, akajinyoosha kuelekea ukingoni, akimtafuta mtu huko chini.

Mama Pazia alisahau hata kumwita, na si kwa sababu ya jukwaa peke yake. Mluzi ule alikuwa anaujua. Miaka nenda miaka rudi ulikuwa ukilia jioni kwenye kona ya barabara, na nyuma ya mluzi akatokea mumewe. Gunia alikuwa akitimka kwenda langoni, na yeye mwenyewe akaondoa mguu kwenye kanyagio la cherehani akaenda kubandika maji ya chai. Tangu ajifungie ndani na mashine yake, kila kilichotoka kwenye jengo alikuwa amekiita kelele. Mbwa hakuwa na dirisha la kufunga. Kila siku alikuwa akiusikia, akaenda langoni, na lango likawa limefungwa.

"Alikuwa anaitwa," alisema, na machozi yakamtoka bila kungoja ruhusa. "Maskini mimi, siku zote hizi alikuwa anaitwa."

Akamweleza Fundi kwa maneno machache ya kukatikakatika. Fundi alielewa upesi. Alimwashiria Twiga asithubutu tena kupiga mluzi akiwa chini, apande, aende asimame kwenye nguzo ya mwisho kabisa, nyuma ya mbwa. Twiga alipanda kwa miguu iliyokuwa mirefu kuliko ujasiri wake. Alifika kwenye nguzo, akatia vidole mdomoni, na hewa tupu ikatoka. Akalamba midomo. Mara ya pili mluzi ulilia, mrefu mmoja, mifupi miwili.

Gunia akageuka. Akainua mguu mmoja akauweka, kisha wa pili, mbao zikalia chini yake, na hakuna mtu aliyepumua kule juu wala kule mtaani. Alipotua kwenye sakafu ya zege, jukwaa lilinyooka lenyewe. Alimpita Mama Pazia bila kumtazama, akaenda moja kwa moja kwa Twiga, akamnusa mikono, akanusa viatu, akazunguka nguzo kuangalia kama kuna mtu nyuma yake. Hakukuwa na mtu. Alisimama pale kidogo. Kisha akarudi taratibu, akakiweka kile kichwa kizito mapajani pa mjane, naye akamkumbatia shingo kwa mara ya kwanza tangu wajuane, akalia kilio ambacho hakukilia siku ya mazishi. Fundi na Twiga waligundua ghafla kwamba mapaa ya jirani yana mengi ya kutazama.

Walimzungushia pazia tumboni. Mama Pazia akayashika masikio yake huku Fundi akikaza mafundo.

"Sasa shuka, mama," alisema Fundi. "Juu tupo wa kumteremsha. Chini anatakiwa mtu wake."

Mtu wake. Aliposhuka, neno hilo lilimshikilia kuliko kamba ya kiunoni. Vibarua waliishika kamba ya kapi, Fundi akampitisha Gunia ukingoni, na mbwa akaning'inia hewani ndani ya pazia la rangi ya maziwa, miguu minne ikichungulia, uso wake ukiwa wa mtu mzima anayeogeshwa hadharani. Aliteremka polepole. Kutoka juu, Fundi akapiga mluzi uleule. Mama Pazia akanyoosha mikono, akaupokea ule uzito wote kifuani, ukamkalisha mchangani, na hapo akabaki, amelambwa uso mzima, akicheka.

Fundi aliposhuka alimkuta bado amekaa.

"Ahsante, Fundi," alimwambia. "Ahsanteni nyote." Neno lenyewe halikuwa gumu hata kidogo; alishangaa alivyolikwepa neno jepesi hivyo. Kisha akauliza mluzi ule una maana gani.

Fundi alieleza kwamba ni lugha ya kazi, ya tangu kabla yake, kwa kuwa mashine ya zege ikinguruma mdomo hausikiki. "Mrefu ni mzigo unakuja. Mifupi miwili, pokea."

"Mzigo unakuja, pokea?"

"Ndivyo hivyo tu."

Mama Pazia alimwona mumewe pale konani, jioni zote zile, kitambi mbele na mkate kwapani, akijitangaza kwa mkewe. Alicheka hadi akajishika mbavu. Miaka yote alikuwa akitaniwa na hakujua, na utani wenyewe ulikuwa umemfikia leo, umekuja kwa mkono wa watu aliowanyima salamu. Fundi hakujua anachekwa nani, ila naye alicheka. Kisha akasema kwamba watatafuta ishara nyingine, ili mbwa asije akapanda tena.

"Lango nitalifunga mimi," alisema Mama Pazia. "Mluzi uacheni."

Mchana ule alimpigia simu shemeji yake kumwambia asijisumbue Jumamosi. Alipoulizwa kulikoni, alisema Gunia amepata kazi kwenye jengo.

Asubuhi iliyofuata Fundi alipopita uziani, aliamkiwa kabla hajafungua kinywa. Dirisha lilikuwa wazi. Mwanga uliobaki uliingia, na vumbi likaja nao. Mama Pazia alikuwa amevihamishia vitambaa vyake ukuta wa pili. Vumbi lililotua mezani alilifuta kwa kiganja akaendelea kushona. Gunia alilala miguuni pake, palepale alipojitua.

Alasiri, mluzi ulilia. Mrefu mmoja, mifupi miwili. Mbwa aliinua kichwa, akalitazama lango, kisha akamtazama Mama Pazia. Mguu wa mama ulikuwa umeshaondoka kwenye kanyagio. Aliinuka, akaipita birika ndogo pale ilipo siku zote, akateremsha sufuria kubwa iliyokuwa haijashikwa tangu msibani, akachungulia dirishani kuhesabu vichwa vya vibarua, akaijaza maji ya chai.